Kisu Mnakionea

Juzi msibani kwa mama mdogo, mzee mmoja wa ukoo aliketi jamvini na kikombe chake cha kahawa, akatoa hukumu: "Wangemwacha na titi lake angekuwa hai. Wamemkata, kansa ikapigwa na upepo, ikasambaa." Vichwa vikaitikia pande zote. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Leo sinyamazi.

Upepo! Mapafu yanapigwa upepo tangu siku ya kuzaliwa, mbona hatusambai?

Niseme ninachokijua, maana mama mdogo nilimsindikiza mimi. Uvimbe aliuhisi zaidi ya mwaka kabla ya kumwambia mtu. Ulikuwa mdogo na hauumi, basi kwetu kisichouma si ugonjwa. Ukaja mwarobaini, yakaja maombi, yakaja maji ya chupa ya bwana mmoja anayejitangaza redioni. Anafika hospitali, uvimbe una sentimita nne na ngozi ya titi imeanza kuingia kishimo. Kwapani daktari akapapasa, hakugusa kitu. Akaandika saratani hatua ya pili, kati ya nne.

Akafanyiwa upasuaji, wakatoa titi pamoja na tezi za kwapani. Majibu ya maabara yakarudi: tezi 14 zimechunguzwa, 5 zina saratani. Daktari akasema sasa tunahesabu hatua ya tatu.

Hapo ndipo ukoo mzima ulipopata "ushahidi". Ameingia na hatua ya pili, katoka na ya tatu, nani kampandisha kama si kisu? Jamani. Zile tezi tano zilikuwa na saratani asubuhi ile anapanda kitanda cha upasuaji, na huenda zilikuwa nayo kitambo tu. Ile hatua ya pili aliyopewa mwanzo ilikuwa makadirio: mkono wa daktari na picha ya altrasaundi. Chembe za saratani zilizojificha ndani ya tezi ndogo haziguswi kwa vidole. Zinaonekana pale tezi inapotolewa, ikakatwa vipande vyembamba, mtu akaviweka chini ya darubini. Upasuaji ulitupa hesabu kamili, nasi tukamgeuza mhesabuji kuwa mwizi.

Na hesabu hiyo si ya kupamba faili. Kwa sababu yake alipangiwa dripu za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, na mionzi juu yake. Dripu alikwenda nne. Nywele zilipoanza kutoka, jirani mwenye huruma kubwa na elimu ndogo akamshauri apumzike, na akapumzika kweli. Saratani ilipohamia kwenye ini hatukumtaja jirani. Tulitaja kisu.

Angalieni takwimu za Marekani, walikohesabu kwa miaka mingi. Saratani ya titi ikikutwa ndani ya titi tu, wanawake 99 kwa 100 hawauawi nayo ndani ya miaka mitano. Ikikutwa imeshahamia mbali, kwenye mifupa, ini au mapafu, wanaovuka miaka hiyo mitano ni kama theluthi moja. Visu vyao ni vyuma kama vyetu. Sisi tunaingia Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, tukiwa wengi wetu hatua ya tatu na ya nne, halafu tunashangaa wanaotoka wazima ni wachache.

Haya, nikubali kidogo, shingo upande. Kuna wanaokatwa ovyo. Namfahamu dada aliyetolewa uvimbe kwenye hospitali moja, kinyama hakikupelekwa maabara, akaambiwa "ni mafuta tu". Huyo ana haki ya kulalamika mpaka kesho. Majibu nayo yanachelewa, nauli ni za kukopa, na bima ina mambo yake. Na si lazima titi lote liondoke: tangu 2002 tuna matokeo ya miaka 20 yanayoonyesha kwamba uvimbe wa mapema ukitolewa peke yake, kisha ikafuata mionzi, mgonjwa anaishi sawa na aliyetolewa titi zima. Ila hiyo ni zawadi ya waliowahi.

Kuna na kundi la pili, wanaokiabudu kisu. Mgonjwa yuko hatua ya nne, ukoo unauza kiwanja aende India "akakatwe na mabingwa". Mabingwa wenyewe wa Tata Memorial, hospitali ya saratani ya Mumbai, walishalipima jambo hili kwa wanawake 350 ambao saratani ilikuwa imeshasambaa, wote wakiwa wameanza na dawa na zikawasaidia. Wengine wakaondolewa uvimbe wa titi, wengine wakaachwa nao. Matokeo yalitoka 2015: waliokatwa hawakuishi zaidi. Katika hatua hiyo dawa zinaweza kuongeza siku, na dawa za maumivu zinaweza kumpa mtu usingizi.

Mwezi uliopita niliongezwa kwenye kundi la harambee ya tiketi kama hiyo. Nikauliza mgonjwa yuko hatua ya ngapi. Mweka hazina akanijibu kwa kunitumia namba ya kuchangia.