Mjane anataka kuuza, ukoo unasema subiri

Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli, kiwanja ambacho mtu alipewa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) pale Nkuhungu au Kizota si mali ileile tena. Mwenye nyumba akifariki, madalali hawangoji arobaini ipite. Simulizi tuliyoizoea ni ya mashemeji wanaotaka kuuza na mjane anayelia. Iko pia ya upande wa pili, nayo haisemwi sana: mjane mwenyewe ndiye anayetaka kuuza. Watoto wameshajitegemea, nyumba ina vyumba sita, bati linavuja, sukari inahitaji dawa kila mwezi. Anataka nyumba ndogo huko Nala, na fedha kidogo mkononi. Ukoo unasema subiri.

Hoja ya ukoo haistahili kupuuzwa kirahisi. Nyumba ikishauzwa, fedha hugawanywa mafungu madogo, na fungu dogo halijengi. Na palipo na mtoto wa miaka tisa, akiandikiwa milioni nne, nani atazilinda mpaka afikishe kumi na nane? Ukuta haukopeki na mjomba. Tena kwa jinsi mji unavyopanuka kuelekea Mtumba, anayeuza leo ana hakika ya kujuta kesho. Wako mashemeji wanaosema haya huku wakitaka wao wenyewe ndio wakusanye kodi za wapangaji, hilo tunalijua, lakini hoja haiwi mbovu kwa sababu ya tumbo la anayeitoa.

Upande wa mjane, nyumba ya warithi wanane haina wa kuipiga rangi. Kodi ya pango la ardhi inarundikana, mpangaji anamlipa yule aliyetangulia kufika, na kila Pasaka au Idi kinazuka kikao kipya. Anayebaki na kero hizo ni mama, siyo baba mdogo aliyeko Singida. Na angalia hili: mke akitangulia kufa, ni mara chache sana mume huitiwa kikao cha kuulizwa nyumba iuzwe lini, ingawa mke naye huacha mirathi.

Mimi naona wote wawili wanagombania swali la pili kabla ya kujibu la kwanza. Katika vikao hivi daftari hufunguliwa, mwenyekiti anateuliwa, mali zinaorodheshwa: nyumba moja, shamba la zabibu Hombolo, pikipiki. Halafu unaanza ugawaji. Hakuna anayeuliza ni kiasi gani cha nyumba hiyo kilikuwa cha marehemu.

Tuseme nyumba ina thamani ya milioni 96, na marehemu alikuwa Mwislamu wa Kondoa aliyeacha mke mmoja na watoto. Fungu la mke ni thumuni, moja ya nane, yaani milioni 12. Hiyo ndiyo hesabu inayofanywa. Lakini kama nusu ya nyumba ilijengwa kwa jasho la mke, milioni 48 si mirathi hata kidogo, ni mali yake. Thumuni inatolewa kwenye milioni 48 zilizobaki, nayo ni milioni 6. Mama anatoka na milioni 54. Marehemu akiwa Mkristo aliyeishi nje ya mila, Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado tunaitumia, inampa mjane mwenye watoto theluthi: milioni 32 kwa hesabu ya kwanza, milioni 64 kwa ya pili. Na zikitumika kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, mjane hapati fungu ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo, anaambiwa atatunzwa na wanawe. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliilaumu Tanzania kwa kanuni hizo mwaka 2015. Kwa mjane wa namna hii, kile kilichokuwa chake tangu mwanzo ndicho pekee atakachotoka nacho.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadhania kuwa mali iliyoandikwa jina la mume ni ya mume, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama aliyelipa fundi kwa fedha za alizeti hakuwahi kuomba risiti. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtambua mwenza aliyechangia kwa nguvu zake kutunza na kuendeleza ardhi, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kwa hiyo fundi aliyemlipa, jirani aliyemwona akichota maji ya kumwagilia tofali, aliyemuuzia saruji, hao ndio mashahidi wa kuwatafuta mapema. Na hati isomwe kabla ya kikao: ikiwa wanandoa waliandikishwa kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika kwa hisa, nyumba inabaki kwa aliye hai na haiingii kwenye mirathi kabisa.

Sehemu iliyo mali ya mjane mwenyewe ikishatengwa, mimi niko upande wa kuuza, isipokuwa kuna watoto wadogo wanaoishi humo. Hapo fedha zinunue nyumba nyingine kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe.

Kuuza kwenyewe si kazi ya barua ya serikali ya mtaa. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anapeleka uteuzi wake kwa Msajili wa Hati, anaandikishwa kwa niaba ya marehemu, ndipo anahamisha kwa mnunuzi. Mwenye karatasi za zamani za CDA, mamlaka iliyovunjwa mwaka 2017, anaweza kuwa na kazi ya ziada ya kuzihuisha. Anayeruka hatua hizi anauza kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi mjanja anajua ananunua kesi.

Kuna jambo ambalo wajane wengi hulijua kwa kuchelewa. Mahakama ya Rufani ilishasema msimamizi hahitaji kibali cha kila mrithi ili auze. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, kisha hesabu ya alichokusanya na kugawa, lakini ukaguzi huo unaweza kuja nyumba ikiwa imeshauzwa. Basi mama anayemwachia shemeji usimamizi kwa kuwa "wanaume ndio wanaojua mahakama" amekabidhi pia kalamu ya kusaini mauzo. Akubali kuteuliwa yeye, au ateuliwe pamoja na mtoto mkubwa, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao siku ileile, kabla watu hawajapanda mabasi kurudi makwao.