Otopailoti iliyopenda Meru

Najua klipu yangu ya ndani ya ndege mmeshaiona. Rubani wetu, chalii ninayemwita rafiki, kairusha kwenye grupu la mafundi, la mpira, mpaka la kwaya. Na chumvi kaongeza, eti tulibakiza kidogo tuugonge Mlima Meru. Uongo! Mlima ulikuwa mbali, jua linawaka, unauona wote kuanzia msituni mpaka kileleni. Sasa nisikilizeni mimi mwenye aibu yangu.

Ndege ni Cessna 182 ya mwaka 1976, mali ya mzee mmoja mkulima wa kahawa, inalala pale Kisongo, uwanja wa Arusha. Otopailoti, kile kifaa kinachoishikia rubani usukani, ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, kwa hiyo kiumri inanizidi na ningepaswa kuiamkia. Mzee alilalamika kwamba akiiwasha, ndege inayumba kushoto na kulia kama bata anayetoka kunywa. Nikachomoa kisanduku chake kwenye dashibodi, nikakuta pini za nyuma zimeota ukungu wa kijani. Nikapuliza dawa, nikasugua kwa mswaki, nikarudishia. Nusu saa, kazi imeisha. Na nataka muandike mahali: tatizo la mzee lilipona siku hiyohiyo ya kwanza.

Ila otopailoti haikabidhiwi bila kurushwa kwanza. Na mimi wiki ile nilikuwa nimenunua kishikio kipya cha simu, kile cha kunata kwenye kioo, simu unaisogeza tu, inajidaka yenyewe, tap! Nikasema leo nitajirekodi, niweke stetasi: "Mhandisi kazini." (Mimi ni fundi. Uhandisi nilijipa mwenyewe, na nimeshajivua.)

Rubani akaniwekea sharti moja. "Hicho kidude nisikione kwenye kioo mpaka tuwe juu." Kwa hiyo chini, tukikagua, kila kitu sawa. Kumbukeni hilo.

Kwa wasiojua: otopailoti ya aina hii dira haiioni kabisa. Inafuata jairo ya uelekeo, kigurudumu kinachozungushwa na hewa inayovutwa na pampu ya kwenye injini. Jairo hiyo kawaida yake inapotea kidogokidogo, ndiyo maana kila dakika 15 hivi unaitazama dira yenyewe, ile ya majimaji iliyo juu ya dashibodi, unairudisha jairo ilingane nayo. Jairo ikidanganya, otopailoti inadanganyika. Dira ikidanganya... twende taratibu.

Tukapanda kupitia kusini mwa Monduli, tukageuka mashariki, futi 9,500. Nikabandika kishikio palepale katikati, chini ya dira, ili sura yangu na vyombo vyote viingie kwenye picha. Nikawasha kamera. Nikatazama dira: 120. Jairo: 090, yaani mashariki. "Unaona?" nikamwambia rubani kwa sauti ya daktari bingwa. "Jairo yako imepotea nyuzi 30." Nikaizungusha mpaka 120, nikawasha otopailoti, nikaiamuru iende 090.

Ndege ikalala kushoto, kwa adabu zote, ikageuka, ikanyooka. Mbele yetu, katikati kabisa ya kioo: Mlima Meru. Futi karibu 15,000, sisi tuko na 9,500 zetu. Rubani akaizima otopailoti.

Haya. Jairo nikaifungua, nikapanda nayo basi la Namanga mpaka Nairobi, nimeipakata kama kichanga, kila tuta nainyanyua mapajani. Fundi wa kule akaipima, akanipigia: "Hii ni nzima, dakika 15 haijapotea hata nyuzi tatu." Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Pima vizuri, kaka." Basi akaifungua, akaisafisha, akabadilisha beringi, mzee akalipa. Tukarusha. Meru. Nikabadilisha chujio la hewa la jairo, nikakaza waya wa mota inayovuta vibawa vya kugeuzia. Meru. Wiki tatu, wadau! Rubani akaanza kuniuliza kama nina ukoo kule juu.

Safari ya nne mzee akasema naye anakuja. Akakaa nyuma na mfuko wake wa karanga, hedifoni imemkalia upande, kimya. Mimi mbele nafanya yaleyale: kishikio, kamera, jairo, 090. Ndege ikalala kushoto. Nikageuka nyuma na uso wa msiba. "Mzee, ona mwenyewe. Jairo 090, dira 090, na mlima ule pale. Hiki kisanduku kimekufa. Tuagize kingine Marekani."

Mzee akatafuna karanga. "Naona. Hebu nipe hiyo simu nami nipige picha, maana mlima huu nimeulipia."

Simu ilikuwa imeng'ang'ana, nikaona niibandue na kishikio chake. Mpira ukaachia kioo, pwaa. Nikanyoosha mkono nyuma. Mzee hakupokea. Alikuwa anatazama juu ya bega langu.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Hebu kirudishe ulipokitoa."

Nikakirudisha. Kwenye dira zile namba zikaanza kuogelea ndani ya majimaji, polepole, kama mtu anayegeuza shingo kitandani. 090.

"Kitoe."

Nikakitoa. Zikaogelea kurudi. 060. Yaani palepale ndege ilipokuwa inaelekea.

"Kirudishe."

Jamani, nilikirudisha. Mkono unanitetemeka, lakini heshima kwa mkubwa. 090. Rubani kageukia dirisha la kwake, mabega yanaruka.

"Fundi," mzee akasema, sasa ni fundi, si kijana tena, "hicho kitu kinaishikaje simu?"

Hedifoni ni za watu watatu. Hata ukinong'ona inasikika kote.

"Kwa sumaku, mzee."

Karanga zikasimama. Injini peke yake ndiyo iliendelea na maisha. Chini ya dira kuna kikadi kidogo cha masahihisho, kimeandikwa makosa yake ya kawaida, nyuzi mbili, nyuzi tatu. Nimekisoma miaka sita. Nikakisoma tena mpaka tunatua.

Yaliyofuata ni mafupi. Kilichokwenda na maji Nairobi nakirudisha kwa mafungu, la kwanza nimeshatoa. Otopailoti haina tatizo, Jumamosi imempeleka mzee Tanga imenyooka kama rula. Klipu nilimtumia rubani mwenyewe, aliniambia anataka kuiangalia dira "kitaalamu". Mwanzoni kabisa mnanisikia nikisema, "Haya mambo tuachieni tuliosoma." Ndiyo, ni mimi.

Jana mchana nimeingia kwa mama ntilie pale Kisongo, hata sijakaa, ananitazama: "Wewe ndiye Sumaku?" Nikamwambia anipe wali maharage tu. Akaniletea, kisha akakusanya vijiko vyote mezani, akaenda navyo jikoni.