Kupunguza Pombe au Kuiacha: Nani Anaweza Kuhesabu?

Matangazo ya bia nchini Tanzania huishia na maneno mawili: kunywa kistaarabu. Ushauri huo ni mwema, lakini hausemi ustaarabu wenyewe ni chupa ngapi, na mtu anayejiuliza kama apunguze pombe au aiache kabisa hukwama hapohapo. Kwa Mwislamu, Msabato au mlokole anayeshika mafundisho ya dini yake, swali hili limekwisha kujibiwa. Nawaandikia wale ambao bado wanalo, na hasa wale ambao wameanza kulikwepa.

Neno "kiasi" bila hesabu ni neno tupu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi, yaani takriban gramu 20. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unashauri mtu asizidishe vipimo 14 kwa wiki, kila kimoja kikiwa mililita 10 za kileo halisi. Kwa chupa zetu, hizo ni tano na nusu kwa wiki nzima, tena zisinywewe kwa mkupuo. Mwongozo uliotolewa Kanada mwaka 2023 ni mkali zaidi, kwa kuwa unahesabu hatari kuwa ndogo pale tu mtu asipozidisha vinywaji viwili vya kipimo chao kwa wiki, jambo ambalo kwetu ni chupa moja na kidogo. Anayekunywa chupa nne kila Ijumaa na nne kila Jumamosi, ambaye hakuna jirani anayemwita mlevi, amekwisha kuvuka mipaka yote miwili. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 35 kina kileo kinachozidi cha bia tatu. Pombe za kienyeji kama mbege, ulanzi na komoni hazina lebo, na nguvu yake hubadilika kutoka pipa moja hadi jingine.

Hata hivyo hoja ya kupunguza isidharauliwe. Uchagani, mbege ipo kwenye posa, kwenye harusi na kwenye kikao cha ukoo, na kata huzunguka kutoka mkono hadi mkono, kwa hiyo anayeambiwa "acha kabisa" husikia pia kwamba anaambiwa ajitenge na watu wake. Wengi wakionyeshwa mlango huo mmoja tu, hawabishi hodi. Tena, mtu aliyeshuka kutoka chupa sita kwa usiku hadi mbili amepunguza kweli uwezekano wa kuanguka na bodaboda, wa kupigana na mkewe na wa kunywa ada ya shule ya mtoto, na si haki kumwambia kwamba hajafanya kitu kwa sababu hajafika sifuri.

Hoja moja ya upande huu siikubali, nayo ni ile ya kwamba kinywaji kidogo kila siku hulinda moyo. Sehemu kubwa ya tafiti zilizoipa nguvu ziliwaweka katika kundi la wasiokunywa hata wale walioacha kwa sababu ya ugonjwa, na hivyo wanywaji wa kiasi wakaonekana wazima kuliko walivyo. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe miongoni mwa visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Anayechagua kupunguza anapunguza hatari. Asijiambie kwamba anajitibu.

Lakini nguvu ya hoja ya kuacha, kwa maoni yangu, haiko kwenye saratani. Iko kwenye ukweli kwamba chupa ya kwanza humlewesha yule anayepaswa kuamua kuhusu ya tatu. Tazama meza ya baa saa nne usiku: chupa tupu zimeachwa zimejipanga ili bili isigombaniwe, kila mtu anajua anachodaiwa, na hakuna anayekumbuka alikusudia kuishia ngapi. Watu wanne wakinunuliana raundi, aliyepanga kunywa mbili atakunywa nne, kwa sababu akiondoka kabla ya zamu yake ataitwa mdoezi. Kukataa mara moja, mlangoni, ni rahisi kuliko kukataa mara nne ukiwa umekwisha kulegea.

Mabishano haya yana historia. Mwaka 1962 daktari D. L. Davies wa hospitali ya Maudsley, London, aliripoti kwamba kati ya wagonjwa 93 waliotibiwa ulevi, 7 walirudi kunywa kwa kawaida, na waliotetea upunguzaji wakafurahi. Walipofuatiliwa upya katika ripoti ya mwaka 1985, watano kati ya hao saba walionekana kuwa walipata madhara makubwa ya pombe wakati fulani. Marekani nako, Audrey Kishline alianzisha mwaka 1994 chama cha kuwasaidia watu kunywa kwa kiasi. Mapema mwaka 2000 alitangaza kwamba yeye mwenyewe anahamia kwenye kuacha kabisa, na miezi michache baadaye, akiendesha gari akiwa amelewa, aligonga na kuua mtu na binti yake wa miaka 12. Kila upande ulimtwisha mwenzake lawama. Mimi naona mkasa huo unaonyesha kwamba kuchagua njia hakumfikishi mtu mwisho wake, iwe ni hii au ile.

Basi mpaka kati ya anayeweza kupunguza na anayepaswa kuacha uko wapi? Kiswahili kina neno linaloukaribia: kuzimua, yaani kunywa asubuhi ili kuondoa taabu ya pombe ya jana. Dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani, ambalo lilijaribiwa katika nchi sita Kenya ikiwemo, lina swali linalouliza jambo hilohilo. Baba yangu mdogo ni fundi cherehani, na kwa miaka kadhaa hakuweza kutunga uzi kwenye sindano mpaka apate kinywaji cha kwanza. Niliona uzi ukigonga pembeni mwa tundu, mara ya tano, ya sita, naye akijifanya anatafuta miwani. Alijaribu kupunguza mara tatu: alihama kutoka pombe kali kwenda bia, akajiwekea saa ya kuanza, akamkabidhi mkewe pesa. Hakuna jaribio lililofika mwezi. Alipoacha ghafla, peke yake nyumbani, usiku wa pili alishikwa na kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kufa, na kwa hiyo mtu wa namna hii aiache pombe akiwa mikononi mwa daktari, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1.

Kwa anayezimua, mwenye ini bovu au mjamzito, sioni cha kupima: ni kuacha. Kwa asiyezimua, wala hatetemeki anapokosa, ningemshauri akae siku 30 bila tone kabla ya kuamua lolote, sharti ambalo hata chama cha Kishline kiliwawekea wanachama wake. Asiyeweza kuzimaliza amepata jibu. Anayezimaliza kwa urahisi anaweza kujaribu kiasi, mradi aandike idadi kabla ya kutoka nyumbani na akatae raundi, akijua kwamba akianza kuibadilisha idadi hiyo baada ya chupa ya kwanza, jibu lake limebadilika pia.

Baba mdogo sasa ni mwaka wa sita bila pombe. Hofu yake kubwa ilikuwa vikao vya ukoo. Kata ikimfikia huipokea kwa mikono miwili, humpitishia anayefuata, na kikao huendelea.