Mlakasa Si Taka

Jumamosi iliyopita kikundi cha vijana kilikuja kusafisha ufukwe karibu na kwetu, kaskazini mwa Dar es Salaam. Walikuja na glavu, reki na mifuko, wakaokota chupa, vizibo, malapa na nyavu chakavu, jua likiwapiga utosini. Kwa kazi hiyo nawashukuru kwa moyo wote. Lakini plastiki zilipokwisha wakahamia kwenye mimea. Jioni nilipopita, mlakasa wote uliokuwa umetanda kutoka mstari wa bamvua, pale maji makuu yanapofikia, hadi kwenye mivinje ulikuwa umerundikwa pembeni, mizizi juu. Nikamuuliza kijana mmoja, naye akanijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mama. Tulikuwa tunatoa magugu tu."

Sijamkasirikia yeye. Nimekasirika kwamba amesoma, amefika mjini, amejitolea kutunza mazingira, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha mmea unaoota mbele ya miguu yake kila anapokwenda kuogelea.

Mlakasa ndio unaoshika mchanga wetu. Shina lake hutambaa mita kumi na zaidi, na kila kifundo kinachogusa chini huteremsha mizizi. Kusi ikivuma, mchanga unaopeperushwa hunaswa kwenye majani. Mchanga ukipanda, shina nalo huchipua juu yake, likateremsha mizizi mingine, na hivyo tuta hukua mwaka hadi mwaka. Bamvua likija na mawimbi makubwa, ni tuta hilo linalopigwa kabla ya nyumba za watu. Wakazi wa Kunduchi hawahitaji kuelezwa jinsi bahari inavyokula ardhi. Mchanga ambao ungeshushwa na mito kama Tegeta na Mbezi kuja kujaza fukwe hizi umekuwa ukichimbwa hukohuko mitoni kwa ajili ya ujenzi. Akiba hakuna tena. Na hiki kidogo kilichobaki, tunakiondolea kinachokishika! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaulinda ukanda wa mita 60 kutoka baharini, na mlakasa unaishi humohumo.

Kuutambua hakuhitaji shahada. Shika jani: ni nene, limegawanyika nchani mfano wa kwato za mbuzi. Vunja kikonyo chake, utaona utomvu mweupe. Ua lake ni la waridi lililoelemea zambarau, limeungana pande zote kama faneli, na ndani kooni rangi imekoza. Hufunguka asubuhi, na siku haiishi kabla halijanyauka. Aliyewahi kulima viazi vitamu atalifahamu mara moja, maana mimea hii ni ya ukoo mmoja. Mbegu zake zina manyoya na huelea baharini, ndiyo maana mmea huuhuu utaukuta India na hata Brazil.

Hapohapo utakuta mmea mwingine unaotambaa, nao una maua ya rangi ileile, na watu huichanganya kila siku. Wataalamu wanauita Canavalia rosea. Angalia majani yake: yako matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Ua lake lina umbo la ua la kunde, na baadaye hutoa maganda manene. Juu kidogo kuna kichaka chenye ua la ajabu, petali tano zote zimeelekea upande mmoja, nusu ya pili ya ua haipo. Hiyo ni Scaevola. Mimea yote mitatu inashika mchanga. Ndiyo maana nasisitiza: anza na majani na jinsi yalivyopangwa, nenda kwenye umbo la ua, tafuta tunda. Rangi iwe ya mwisho, kwa sababu rangi ndiyo inayodanganya wengi.

Najua kuna watakaoniambia kwamba si kila jani ni la kuhifadhiwa. Ni kweli. Gugu karoti lililoenea Arusha, lile lenye vichwa vidogo vyeupe na majani yaliyochanikachanika, ling'olewe, tena kwa glavu maana linawasha ngozi, na ling'olewe kabla halijatoa maua kwa sababu mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Lakini hata la kung'oa lazima ulijue kwanza.

Kwenye nyua za miti jambo hili linagusa afya kabisa. Lile ua zuri la njano na nyekundu, petali zimejikunja kurudi nyuma, ncha za majani zimejisokota kwenye matawi ya jirani, ni Gloriosa. Lina sumu ya kolchisini kuanzia juu hadi kwenye kiazi chake chini ya ardhi, na watoto hulichuma kwa sababu linavutia. Lile la waridi lenye petali tano, Catharanthus, lililotoka Madagaska na sasa limejaa barazani na ufukweni, ndilo lililotoa vinkristini, dawa inayotibu saratani ya damu kwa watoto. Nalo si la kutafuna.

Simu inasaidia, nakubali, ingawa kwa shingo upande. Programu za iNaturalist na Pl@ntNet zinaweza kukufikisha kwenye ukoo wa mmea kwa haraka. Ila usipige picha ya ua peke yake. Piga jani juu na chini, shina, tunda, na mahali mmea ulipoota.

Watu wanasafiri hadi Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, kuona okidi zinapochanua wakati wa mvua, na nafurahi. Naomba heshima hiyohiyo ishuke hadi pwani.

Kwa kikundi kile, kama mnasoma: rudini, nitawapikia chai. Mlakasa unaota kwa vipande. Subirini mwanzo wa masika, mkate mashina yenye vifundo vinne au vitano kutoka ufukwe wa jirani ambako bado umejaa, bila kuumaliza. Mfukie vifundo viwili au vitatu juu ya mstari wa bamvua, ncha ibaki nje. Kisha wekeni kamba kuzunguka, watu na pikipiki wasipite mpaka mizizi ishike.