Kipeo tasa pekee hakitoshi

Kuna makala inayosema kipeo p kikiwa namba tasa (isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na yenyewe), basi 2^p − 1 nayo ni tasa. Sivyo. Chukua 11: 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Ndiyo maana kuna kipimo cha Lucas-Lehmer, njia ya kujua kama 2^p − 1 ni tasa, kwa p tasa kuanzia 3. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 2^p − 1, endelea na baki. Rudia mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, 2^p − 1 ni tasa. Kompyuta ikikosea tarakimu moja katikati, hatua zote zinazofuata zimeharibika.

Namba tasa iliyogunduliwa 2024, 2^136279841 − 1, ina tarakimu 41,024,320, nani ataikariri? Ya kukariri ni 12345678910987654321: panda hadi 10, shuka hadi 1. Nayo ni tasa, na inapendeza mno!