Ongeza jirani kwanza, hatua baadaye

Vifaa vinavyotakiwa kukubaliana namba moja bila kiongozi vikichelewa, mafundi wengi hukimbilia kukuza hatua ya marekebisho, yaani sehemu ya tofauti ambayo kifaa hurekebisha kila raundi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wanapoharibu.

Tuchukue maboya manne ya kupima joto la Ziwa Tanganyika, yamepangwa mstari: Ujiji, Kigoma bandarini, Kibirizi na Mwamgongo. Kila boya linasikia kwa redio boya la jirani tu. Kazi yake ni ndogo: litoe namba yake kwenye ya kila jirani, lijumlishe tofauti hizo, lizidishe kwa hatua, kisha jibu liongezwe kwenye namba yake. Yote yafanye hivyo kwa mpigo mmoja. Yakianza na nyuzi 24, 25, 26 na 29 (hiyo ya mwisho nimeikuza makusudi), kwa hatua ya 0.25 raundi ya kwanza inatoa 24.25, 25, 26.5 na 28.25. Jumla bado ni 104, na wastani wa 26, ambao ndio yanatakiwa kukubaliana, haujaguswa.

Shida ni mwendo. Ili tofauti ishuke hadi asilimia 1 ya ile ya mwanzo, zinahitajika karibu raundi 30. Hatua ya 0.4 inazipunguza hadi 18. Ukinogewa ukaweka 0.6, kila boya linapitiliza, raundi inayofuata linarudi kwa kupitiliza zaidi, na pengo linapanuka. Ili kuwa salama, gawa 1 kwa idadi ya majirani wa boya lenye majirani wengi kuliko yote, ubaki chini ya jibu; hapa ni 0.5.

Sasa iache hatua kwenye 0.25, uunganishe Mwamgongo na Ujiji, hata kwa kupitia mnara wa mlimani. Mstari umekuwa duara: raundi 7 tu.

Kiungo kiwe cha pande mbili. Kwenye mstari wa mwanzo, Ujiji likisikia Kigoma lakini lenyewe lisisikike, maboya yatakubaliana vizuri kabisa, ila si kwa 26. Jozi isirekebishe chochote kabla pande zote mbili hazijathibitisha kupokea.

Kuna na boya bovu, kipimajoto kimeganda kwenye 29 na redio inaendelea kutangaza 29 hiyo hiyo bila kurekebisha. Hilo litayavuta yote hadi 29. Dawa ni kila boya kutupa namba ya juu kabisa na ya chini kabisa kati ya lilizosikia, lakini kwenye duara letu kila boya lina majirani wawili tu. Ukitupa mbili, hakuna kilichobaki cha kusikiliza.