Mwandishi wa riwaya na mkate wa kumimina

Hadithi nyingi zinazotaja Lamu hunukia iliki kila baada ya kurasa mbili. Bibi anakoroga, mjukuu yuko dirishani, na iliki ndiyo hiyo. Anayekuna nazi haonekani. Hakuna anayefunua sufuria akakuta mkate umebonyea katikati, akaanza kumlaumu aliyeuza hamira. Mwandishi amepita jikoni kama mgeni, kaonja, katoka.

Rai yangu ni kwamba mwandishi wa riwaya achague pishi moja alijue mpaka makosa yake, na mengine yote ale kwa watu. Kwa huku kwetu ningemchagulia mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia. Mahamri ni matamu lakini hayamwachi mtu: ukande, usukume, ukate, kisha usimame kwenye karai la mafuta mpaka la mwisho liishe. Kumimina kazi yake kubwa ni kungoja, na saa ya kungoja ni saa ya kuandika.

Chukua vikombe viwili vya mchele mweupe wa kawaida. Ule uliochemshwa kabla ya kukobolewa uache kwa wali, maana hausagiki ukalainika. Osha, loweka usiku kucha. Asubuhi bana punje kwa ukucha. Ikivunjika bila kiini kigumu ndani, mwaga maji, uchuje vizuri. Saga kwa tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki nusu kijiko. Tui litie kidogo kidogo, usilimimine lote kwa mkupuo, na liwe vuguvugu tu. Likiwa la moto linaua hamira, na hilo hutaligundua mpaka saa moja ipite na rojo limekaa vile vile.

Hapa kwenye kusaga ndipo wengi wanapoharibu. Blenda ikipiga kelele dakika mbili mtu anaridhika. Chovya kidole, usugue rojo kwa kidole gumba. Ukihisi chenga, endelea, hata kama itabidi uzime mashine ipoe kwanza. Chenga huzama chini wakati rojo linaumuka, na mkate ukiiva unakuwa na tabaka mbili: juu sponji, chini kitu kigumu kinachoshika meno. Watu husema moto ulikuwa mkali. Moto hauna kosa hapo.

Rojo liwe kama uji mzito unaodondoka kwenye mwiko bila kukatika. Lifunike liumuke. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, nusu saa yaweza kutosha. Kusi likivuma Juni na Julai, subiri hata saa moja na robo. Usitazame saa peke yake. Tazama mapovu juu, na ujazo uwe umekaribia maradufu. Ukipitiliza, mapovu yanapasuka yenyewe, rojo linashuka na kunuka uchachu, na mkate wake ndio ule unaobonyea katikati.

Sukari, robo tatu ya kikombe, tia baada ya kuumuka pamoja na ute wa yai moja, kisha liache rojo dakika kumi. Wapo wanaotia sukari tangu mwanzo, na mkate hutoka, ila sukari nyingi huichelewesha hamira. Jambo wasilokumbuka wengi ni kwamba sukari ikiyeyuka hulegeza rojo. Kwa hiyo kabla ya sukari liwe zito kuliko unavyolitaka mwishoni. Likishakuwa jepesi mno huna la kufanya. Ukitia unga wa mchele mkavu saa hiyo, chenga ndiyo hiyo imerudi.

Sufuria iwe nzito, upana wa inchi tisa hivi. Pakaza samli chini na pembeni, ipashe mpaka tone la rojo likidondoka litoe sauti. Mimina lote mara moja, wala usikoroge tena. Makaa machache chini. Pembeni pakianza kushika na matundu yakijitokeza, funika, upalie makaa mengi zaidi juu ya kifuniko. Mwenye oveni aweke nyuzi 180 kwa nusu saa au zaidi kidogo. Choma kijiti katikati kitoke kikavu. Usikate ukiwa wa moto, utanatanata kisuni na utadhani haujaiva.

Kila kosa hapo juu lina sababu yake, na sababu hiyo mara nyingi iko hatua mbili nyuma ya pale kosa lilipoonekana. Riwaya nayo huharibika hivyo. Sura ya kumi ikizama, chenga ilibaki sura ya tatu.

Ndiyo maana nachukizwa na maswali tunayowauliza waandishi tunaowapenda. Mtu anatoka pwani mpaka maonyesho ya vitabu ya Nairobi, mwezi wa Septemba, anapanga foleni, anafika mbele, anauliza: “Unapata wapi msukumo?” Hilo lina jibu moja lililokwisha kutolewa mara mia. Uliza la hatua mbili nyuma. Yvonne Adhiambo Owuor alitoa mwaka 2019 riwaya inayoanzia kisiwani Pate, na msichana wake anakaa kisiwani kurasa nyingi kabla ya kupanda meli ya kwenda Uchina. Mwulize kwa nini hakumpandisha mapema. Swali la namna hiyo huchukua sekunde ishirini, na mwandishi akilisikia hujua umesoma.

Liandike kwenye karatasi, pamoja na jina lako kwa herufi kubwa, ili anayetia sahihi asikuulize tahajia huku nyuma yako watu wanaguna. Peleka kitabu kimoja, viwili vikizidi. Muswada wako uache nyumbani, na usiombe dibaji hapo kwenye meza. Atakubali kwa haya kisha hatajibu simu.

Hapa Lamu mambo ni mepesi zaidi, na kwa hiyo magumu zaidi. Mshairi humkuti mezani na kalamu, unamkuta kwenye kazi yake. Ustadh Mahmoud Mau, ambaye tungo zake zimekwenda mbali kuliko kisiwa hiki, amekuwa imamu na pia mwoka mikate. Mtu wa namna hiyo haendewi kwa shangwe za foleni. Salimu kwanza, uliza hali, kaa. Wakati unaofaa ni baada ya alasiri barazani, si pale adhana inakaribia. Ukiwa na swali la utenzi, lijue umbo la utenzi kabla hujafungua mdomo: kila ubeti mishororo minne, mizani, yaani silabi, minane kila mshororo, na ule wa nne ndio unaobeba kina cha utenzi mzima. Kisha taja ubeti wenyewe, uusome kwa sauti, uulize kwa nini neno fulani limekaa pale na si mwisho.

Na ukitaka kwenda na mkono usio mtupu, mkate wa kumimina uupike siku hiyo hiyo. Ukilala, wanga wa mchele hukaza na mkate unakuwa mgumu, na ukimpelekea mwoka mikate atajua ni wa jana kabla hajaugusa.